Mkono wa Kushoto wa Zbyněk

Zbyněk aliteleza Januari kwenye ngazi za kituo cha tramu,
Brno yote imeganda kama sahani ya bati,
akavunjika mkono wa kushoto mahali pawili.
Daktari akaufunga plasta hadi kwapani: wiki sita.
Yeye akauliza: za kibodi, au za mambo mengine?

Ndipo nikawa mkono wake wa kushoto,
mimi, Drahomíra, niliyegombana naye miaka kumi na tisa
katika chumba kimoja cha seva, chini ya ardhi,
chenye baridi ya bucha.

Mimi ni mtu wa Debian. Nasema bila haya.
Napenda programu iliyozeeka kidogo,
iliyokwisha kuwaangukia wengine kabla ya kunifikia.
Heri zimwi likujualo.
Kwenye kioo changu kuna picha ya paka wa dada yangu;
juu yake madirisha hupandana kama karatasi za mezani,
na la chini kabisa nalijua kwa pembe yake inayochungulia.

Zbyněk hanunui mkate, husaga ngano.
Akitaka kivinjari hakipakui, hukipika
kutoka msimbo mbichi, usiku kucha,
feni ikivuma hadi jirani wa juu agonge sakafu.
Asubuhi anacho kilekile nilichokipata kwa dakika mbili,
ila chake, asema, kimekatwa kwa kipimo cha kiuno chake.
Kiuno hicho, namjibu, hakikai mwaka mmoja bila kubadilika.

Habari za systemd hatuzigusi.
Tulizigusa mara moja, kwenye bia.
Yeye: huyu aliajiriwa awashe taa asubuhi,
leo ana funguo za stoo, daftari la hesabu na saa ya ukutani!
Mimi: na nyumba imetulia.
Mkewe, Jindřiška, akahamia meza nyingine.

Kuhusu puku ana hotuba nzima.
Niliitia vina siku moja, nikaibandika mlangoni:

*Anayetumia puku, huyo ni mtu mvivu,*
*Huparura kama kuku, akitafuta majivu,*
*Mchana hata usiku, kibodi yaona wivu,*
*Dirisha la kukokota, ni mzigo wake punda.*

Akaisoma. Akasahihisha koma moja. Akaiacha pale.

Sasa nimeketi ubavuni mwake,
mbele ya kioo kisicho na kitufe, kisicho na pa kushika.
Bonyeza Super na tatu, asema.
Super ni ipi?
Ile niliyoikwangua nembo kwa wembe.
Nabonyeza. Dirisha jipya laingia,
na yaliyokuwepo yajisogeza yenyewe kulipisha,
kama watu wenye adabu kwenye benchi la hospitali.
Sikusema kitu. Nilikunywa chai.

Usitazame vidole, asema. Vuta pumzi kabla ya Enta.
Wiki ya tatu nikabonyeza pasipo, kazi ya saa nne ikazimika.
Alinyamaza muda mrefu, akiikuna plasta kwa bisibisi.
Kisha: hata mkono wangu wa zamani uliwahi kufanya hivyo.
Katika miaka kumi na tisa,
hilo ndilo neno la upole zaidi aliloniambia.

Plasta imekatwa. Mkono umetoka mweupe, mwembamba,
ukarudi kibodini bila kuaga.
Nami usiku, nyumbani, mbele ya paka,
kidole gumba changu cha kushoto chabonyeza
na hakuna linalosogea.
Nabonyeza tena. Paka ananitazama.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami bado ni mtu wa Debian.
Ila nimepekua ghala lake:
kile kipanga-madirisha cha Zbyněk kimo humo,
toleo la miaka mitatu iliyopita,
lililokwisha kuwaangukia wengine.
Nimelisakinisha. Yeye hajui.

Nembo sijaikwangua.
Wembe nimeununua.